Mikono ya Kilio

Serikali ilifungua nchi Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi mji wote wa Likasi ulikuwa umeshapona. Hakuna daktari aliyewahi kuponya watu wengi namna ile kwa hotuba moja. Barakoa, ambazo hapa kila mtu huziita cache-nez, zilishuka kutoka puani hadi kidevuni, kutoka kidevuni hadi mfukoni, na mwisho wa wiki akina mama walikuwa wakizishikia sufuria za moto. Baa za mtaa wa Kikula zilitoa spika zao barabarani. Madereva wa pikipiki, waliokatazwa kwa miezi minne kupakia zaidi ya mtu mmoja, walipakia watatu na mbuzi. Kirusi peke yake ndicho kilichokosa redio ya kusikilizia tangazo.

Angèle alikuwa na redio, na alilisikia vizuri. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake, amevaa nguo nyeusi za ujane, katikati ya lundo la cache-nez za kitenge ambazo zilikuwa zimemlisha yeye, binti yake Jessica na baba mkwe wake tangu mwezi Mei. Jirani yake Mélanie alichungulia mlangoni, uso mtupu, meno yote nje.

"Mama Jessica! Ile lundo utafanya nayo je sasa?"

"Sijue, mama. Nafikiri bado."

"Unafikiri nini? Unganisha mbili-mbili, utauzisha sidiria!"

Angèle alicheka kidogo, kwa adabu. Kicheko kilikuwa hakijafika machoni pale aliposikia nyuma yake ile sauti aliyoizoea, sauti kama koleo linalokwaruza changarawe. Ilikuwa pumzi ya mzee Théophile. Kifua cha mzee kilikuwa kikitangulia kufika, yeye mwenyewe akafuata. Alikuwa amevunja mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe tangu ujana hadi nywele zilipokuwa nyeupe kama mawe yenyewe, na vumbi lile halikukubali kustaafu pamoja naye.

"Mama Jessica."

"Papa."

"Banasema bantu banaweza kukutana?"

"Ndiyo, Papa, njo banasema."

Mzee alishika mlango kwa mikono miwili. Alimtazama Mélanie mpaka akaona afadhali aende zake.

"Basi," mzee alisema, "batamulilia Hilaire."

Hilaire alikuwa mwanawe, mume wa Angèle, fundi umeme. Presha ilimwangusha mezani mwezi Mei, kijiko mkononi. Haikuwa corona, lakini sheria ya siku zile haikuuliza. Kila maiti ilitoka mochwari moja kwa moja hadi makaburini, watu wasizidi ishirini, na wazee wabaki nyumbani. Théophile alivaa suti yake, akakaa kwenye kiti akitazama barabara, akisubiri angalau gari lipite mbele ya nyumba. Lilipita barabara nyingine. Aliusikia mlio wa injini tu. Ndivyo baba alivyomzika mtoto wake, kwa sikio.

*

Sasa lazima ujue jambo moja. Kilio cha huku, yaani matanga, si machozi. Machozi hata kitunguu kinaweza kuyaleta. Kilio ni mikono. Kila anayefika huinama mbele ya wafiwa waliokaa mkekani, anachukua mkono wa kila mmoja kwa mikono yake miwili, anaushika, halafu ndipo anapotafuta kiti. Mkono ule ni ushahidi. Unasema: sikumla mtu wenu kwa uchawi. Asiyekuja kwenye kilio hukumbukwa mwaka mmoja. Anayekuja halafu akanyima mkono hukumbukwa mpaka wajukuu wake.

Angèle alilijua hilo, ndiyo maana alikwenda kumwona Jenny, muuguzi wa zahanati ya karibu, kabla hata ukoo haujapiga simu.

"Jenny, dada yangu, sema kweli. Corona ilisha kuisha?"

Jenny alikuwa bado amevaa cache-nez yake, peke yake barabara nzima, na watoto walikuwa wakimwita ninja.

"Banafungula mulango, Mama Jessica. Hawakusema mwizi alitoka."

"Na mzee?"

"Kile kifua? Mafua ya kawaida tu inaweza kumubeba. Umuweke mbali na bantu. Umuweke mbali hata na minye mwenyewe."

Ijumaa dada mkubwa wa marehemu alishuka kwenye basi kutoka Lubumbashi. Jina lake Hélène, mwuza mitumba, mwanamke mwenye sauti ya kuuza hata kiatu cha mguu mmoja. Alimkuta mdogo wa mzee, Michel, ameshafika. Angèle aliwapangia viti, akawapikia bukari, ugali wa huku, na samaki wa mto Lufira, akawamiminia maji ya kunawa. Walipomaliza kula, Michel alijifuta mdomo.

"Mama Jessica, utupishe kidogo. Hii ni mambo ya ukoo."

Alitoka sebuleni mwake mwenyewe kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini nyumba za Kikula hazikujengwa kwa ajili ya siri. Alisimama jikoni na kusikia kila neno.

"Samedi ya wiki ijayo," Hélène alikuwa akisema, yaani Jumamosi. "Bâche ya kivuli, viti, kwaya, yote. Mudogo wangu alizikwa sawa imbwa. Hata imbwa, benyewe banaitazama kwanza."

Angèle alirudi ndani na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Munisamehe. Minye sikatae kilio. Alikuwa bwana yangu. Nasema tungojee kidogo tu. Papa iko na kifua, na Jenny anasema..."

"Jenny ni nani?" Hélène aligeuza kichwa polepole. "Alizaliwa tumbo moja na Hilaire?"

"Ni muganga wa zahanati."

"Muganga wa kuchoma sindano. Raisi mwenyewe anafungula, weye unafunga. Unamushinda Raisi?"

Michel alicheka. Angèle alihisi masikio yakiwaka, lakini hakuondoka.

"Munaweza kulia bila kushikana mikono."

"Ah bon? Tulie na simu?" Hélène alisimama. "Siku ile ulimuzika haraka-haraka, hatukumuona hata uso. Leo hata machozi yetu unataka kuipima na mita yako ya kushonea. Weye unaogopa nini kwenye kilio ya bwana yako?"

"Munyamaze."

Alikuwa ni mzee, kutoka kiti chake cha pembeni. Alisema neno lile bila nguvu, na kwa sababu hiyo wote wakanyamaza, maana ilibidi wangoje apate pumzi ya neno la pili.

"Minye nitakufa," Théophile alisema. "Kama si corona, ni chokaa. Lakini sitaki kufika kule, Hilaire aniulize: Papa, nani alinililia? Nimujibu nini? Namujibu gari lilipita barabara nyingine?"

Angèle alichoweza ni kujadiliana kama mtu anayenunua vitunguu sokoni. Viti vikae mbali-mbali. Ndoo ya maji na sabuni iwekwe getini. Mzee akae ndani, dirishani, awaone watu na watu wamwone, lakini mkono wake usishikwe na mtu. Na yeye mjane, kwa kuwa ndiye anayemlisha mzee na kumwogesha, ataweka mkono kifuani na kuinama.

"Sawa," Hélène alisema. Mdomo ulisema sawa. Macho hayakuhudhuria.

*

Siku ya kilio Angèle aliamka akapima viti kwa mita yake ya kushonea, kimoja kimoja, hatua moja ya haki kati ya kiti na kiti. Jessica, mwenye miaka kumi na sita na aibu ya miaka hiyo, aliwekwa getini na ndoo.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Watu walinawa, wakakaa walipoelekezwa, wakamsalimu mjane kwa mbali. Lakini kiti kina miguu minne, kwa hiyo hakikawii kutembea. Mtu anataka kumnong'oneza jirani, anasogea kidogo. Mwingine anakimbia jua, anaingia chini ya turubai la bâche. Kufikia saa sita mchana magoti yalikuwa yamegusana, na ndoo ya kunawia ilikuwa imegeuka kuwa mahali pa watoto kuogeshea mwanasesere. Kwaya ya parokia, iliyofungiwa tangu Machi, iliachia sauti kama maji ya Mwadingusha siku milango ya bwawa inapofunguliwa. Watu walilia kweli. Walimlilia Hilaire, na juu yake wakawalilia wote waliozikwa kimyakimya mwaka ule, maana kila mmoja alikuja na deni lake la machozi.

Dirishani, mzee alikuwa amekaa na suti yake na cache-nez ya kitenge. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila aliyeingia. Angèle alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Mei aliona mabega yake yameshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akajiambia: pengine nilikuwa mwoga bure.

Ndipo Carlos alipofika. Carlos alikuwa mtani wa ukoo, na mtani ana ruhusa ambayo hata askofu hana. Ni kazi yake kumcheka marehemu mbele ya wafiwa ili moyo upate tundu la kupumulia. Aliingia na koleo la umeme mfukoni, amevaa kofia ya plastiki.

"Hilaire! Hilaire, amuka! Kwangu hakuna kurant, taa haiwake tangu Mei, na pesa ulisha kukula!"

Kilio kizima kilipasuka kwa kicheko. Carlos alipanda juu ya kiti, akaonyesha jinsi Hilaire alivyokuwa akipima waya kwa ulimi, akaanguka chini akitetemeka, akafumbua jicho moja. "Muniletee bière moja nifufuke!" Mzee dirishani alicheka mpaka akakohoa. Hata Angèle alijificha uso kwa khanga.

Kisha Carlos akamgeukia, akapiga magoti kama desturi inavyotaka, akanyoosha mikono miwili.

"Mujane wangu, nimetukana bwana yako. Unipe mukono, unisamehe."

Angèle aliweka mkono kifuani, akainama.

Kicheko kilikatika. Watu mia walikuwa wameitazama ile mikono ya mtani ikibaki wazi. Carlos naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno akiona kimya huwa anakijaza kwa chochote kilicho karibu.

"Eh!" akapaza sauti. "Mama huyu iko na kurant! Ukimugusa unakufa sawa bwana yake!"

Wachache walicheka. Wengi walivuta pumzi. Mama Élisabeth, mkubwa wa shangazi za marehemu, aliyekuwa ameketi mkekani miguu imenyooshwa, aliikunja taratibu.

"Mtani kwenye kilio hasemi bongo, anasema kweli tupu," alisema.

"Mama, ni kuchekesha tu..." Carlos alianza.

"Mtani hasemi bongo! Tangu asubuhi namutazama huyu. Mukono yake iko na nini? Alimuzika mutoto wetu bila sisi kumuona. Leo hatoi mukono kwa muntu hata moja. Na mzee je? Juu ya nini banamufungia ndani sawa kuku? Ni zamu yake?"

Angèle alijua anapaswa kusema. Maneno yote ya Jenny yalikuwa kichwani mwake, yamepangwa vizuri, mapafu, pumzi, siku kumi na nne. Lakini nani anasimama katikati ya kilio kueleza mapafu? "Mama, ni corona," alisema tu, na neno lenyewe likatoka dogo.

"Corona gani? Ilisha kuisha!"

"Raisi alifungula!"

Na nyuma, kutoka kwa mwanamke ambaye hakugeuza hata kichwa, likatoka lile neno la kumwita mtu mchawi: "Mulozi."

Neno hilo halisemwi mara moja. Lilipita kiti hadi kiti, kwa kuwa sasa viti vilikuwa vimegusana na hapakuwa na pengo la kulizuia. Getini, Jessica aliangusha jagi. Hélène alikuwa amesimama.

"Nyumba hii ni ya mudogo wangu," alisema. Alikuwa na uchungu wa kweli, hilo nalo tuliseme. "Mulozi hawezi kulala mule. Leo utatoa vitu yako. Weye na mutoto yako."

"Tuende wapi, Hélène?"

"Kule unapeleka bantu."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Théophile alitoka. Alitembea polepole kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kutembea, na watu walimpisha. Angèle alikimbia kumzuia.

"Papa, hapana. Papa, rudia ndani. Nakuomba."

Mzee aliivua cache-nez yake, akaikunja vizuri mara nne, akaitia kwenye mfuko wa suti. Kisha akachukua mkono wa mkwewe mbele ya wote, akauinua juu kama wanavyoinua mkono wa bondia.

"Huyu njo mutoto yangu." Akapumua. "Ananipikia. Ananiosha. Kama mukono yake iko na sumu, mungekuwa munanililia minye." Akapumua tena, na kila mtu alisikia chokaa ikikwaruza. "Munataka mikono? Hii hapa mikono. Mukuje. Bote mukuje."

Aliketi mkekani, mahali pa mfiwa, akanyoosha mikono miwili.

Walikuja. Mama Élisabeth alitangulia, kisha Michel, kisha Hélène aliyemwangukia babake shingoni akilia kwa sauti, akikohoa katikati ya kilio na kuomba radhi kwa vumbi la barabara. Wanakwaya walikuja, mafundi wenzake Hilaire, wauza mahindi, majirani wa avenyu tatu. Mzee alimvuta kila mmoja karibu ili amtazame uso, maana macho yake yalikuwa dhaifu, na kila mmoja akamwambia neno sikioni. Angèle alisimama nyuma yake na bakuli la maji ya sabuni. Mara tatu aliinama, mara tatu mzee aliusukuma ukingo wa bakuli kwa kiwiko.

"Papa, unawe kidogo tu."

"Mbele yao? Muntu anakupa mukono, unanawa? Ni kumuambia yeye ni mavi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ungoje. Bado kidogo watakuacha."

Alikula bukari sahani moja na wazee wenzake kwa mikono ileile. Jua lilipoinama, hapakuwa tena na mtu aliyekumbuka lile neno. Mama Élisabeth alimkumbatia Angèle, akamwita mutoto. Kikula nzima ilikubaliana kwamba kilio kile kilikuwa cha heshima.

*

Siku ya nane mzee aliusukuma mchuzi.

"Mama Jessica, leo ulipika karatasi?"

Alikuwa anatania. Angèle hakucheka. Aliuonja mchuzi: ulikuwa na chumvi, ulikuwa na kitunguu, ulikuwa na kila kitu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama huko kwa muda akiwa amebana kijiko kwapani, hajui kwa nini.

Jenny alikuja na kipimo cha kubana kidole. Alikitazama, akakipiga-piga, akakitazama tena.

"Inafaa kumupeleka hospitali."

"Hapana," mzee alisema kutoka kitandani. "Kule bantu banatokea mulango ya nyuma."

"Papa, kule kuna oksijeni."

"Ngapi?"

Jenny alikuwa msema kweli, na hiyo ndiyo shida ya wasema kweli. "Chupa moja. Banagawana bantu ine."

"Basi nisiende kupora pumzi ya muntu. Iliyo yangu inanitosha."

Haikumtosha. Angèle alimwegemeza kwa mito, kisha kwa magunia, kisha kwa mgongo wake mwenyewe, mgongo kwa mgongo, ili mzee aweze kukaa wima. Jenny alikuwa amesema asimkabili usoni. Kwa hiyo walizungumza hivyo, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Papa, ulijua?"

"Minye si mutoto. Redio nasikia, Jenny namusikia."

"Mbona basi ulitoa mikono?"

Alingoja. Aliuhisi mgongo wa mzee ukipanda na kushuka, ukipanda kidogo zaidi ya unavyoshuka.

"Na weye ungelala wapi na Jessica?" mzee alisema. "Minye niko na siku. Nyinyi muko na miaka."

"Nilikuwa nakulinda weye, Papa. Siku yote ile. Nilikuwa nakulinda tu."

"Najua. Njo ile ilikuponza."

Jessica alikuja mlangoni na cache-nez mbili, moja juu ya nyingine. Aliita, "Kambo?", kama wajukuu wa Likasi wanavyowaita babu zao. Mzee aliinua kidole. Hakuweza kuinua mkono.

Alifariki Jumamosi, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, asubuhi. Ilikuwa ndiyo siku makanisa yalipofunguliwa, na kengele ambazo hazijasikika tangu Machi zililia mji mzima, kwa furaha, muda mrefu. Majirani walipita dirishani na nguo zao nzuri wakielekea misa. Angèle aliendelea kukaa kama alivyokuwa, mgongo kwa mgongo, mpaka kengele ziliponyamaza, kwa sababu hakujua namna ya kuondoka bila mzee kuanguka.

*

Safari hii hakukuwa na sheria. Hakuna polisi, hakuna watu ishirini, hakuna aliyekataza. Michel alitundika bâche ileile na kukodi viti vilevile. Angèle na Jessica waliketi mkekani kuanzia asubuhi.

Hakuna aliyeingia.

Habari zilikuwa zimetembea. Majibu ya kipimo cha pua ambacho Jenny alimchukua mzee yalirudi kutoka Lubumbashi akiwa ameshazikwa: ni corona. Mwanakwaya mmoja alikuwa hospitali. Michel mwenyewe alitundika bâche, akaenda kulala na homa. Watu walikuja, ndiyo. Walisimama ng'ambo ya barabara, safu ndefu, mikono imekunjwa kwapani kana kwamba kila mmoja ameficha yai. Cache-nez zilikuwa zimepanda tena kutoka kwenye sufuria hadi puani. Mama Élisabeth aliinua kiwiko kwa mbali, akasema pole kwa sauti ya kuita teksi. Carlos alifika bila kofia, bila koleo. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliketi chini kando ya geti, nje, na mtani wa ukoo akalia kama mtu mwingine yeyote.

Saa saba hivi teksi ilisimama. Hélène alishuka. Alikuwa amekonda, wigi ilimpwaya. Alikuwa amelala kitandani Lubumbashi tangu arudi kutoka kwenye kilio, na alikuwa amesikia kifo cha babake kwa simu. Safu ya ng'ambo ikasogea nyuma hatua mbili, yote kwa pamoja.

"Njo huyu," Mama Élisabeth alisema, na hakujali kushusha sauti. "Alitoka Lubumbashi na kikohozi. Yeye njo alitaka kilio. Alianza na mudogo wake, sasa anamaliza baba yake. Muone vile iko mzima!"

Lile neno likaanza tena kutembea, mtu hadi mtu. Hélène alilisikia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalitumia, alijua linakwenda wapi. Alitazama watu wale wote, akamwona mtu mmoja tu aliyebaki anayeweza kumwokoa. Aliingia getini karibu anakimbia, akapiga magoti mbele ya mkeka, akanyoosha mikono miwili.

"Mama Jessica. Unipe mukono." Akakohoa begani. "Nakuomba. Banatazama."

Angèle aliitazama ile mikono. Ilikuwa na vidole virefu vya Hilaire. Hakuwahi kuliona hilo kabla. Nusu ya moyo wake ilisema: mwache, na yeye aonje. Nusu nyingine ilikuwa tayari imeuinua mkono kutoka gotini. Kando yake Jessica alikuwa akipumua kwa haraka nyuma ya vitambaa viwili, mtoto pekee aliyebaki naye duniani.

Angèle alisimama. Aliweka mkono kifuani. Kisha akazungumza juu ya kichwa cha Hélène, kwa watu wa ng'ambo, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani.

"Huyu ni mutoto ya Papa! Munasikia? Alimupenda baba yake, njo ilimuleta. Hakukula muntu. Hakuna muntu hapa alikula muntu. Ni bugonjwa! Na kama minye simupe mukono, ni juu sitaki kuzika tena. Ni ile tu. Sina kingine."

Mmoja aliondoka, kisha wengine wawili, labda walikuwa wameamini, labda walikuwa wamechoka na jua. Mama Élisabeth alitema mate chini na kubaki. Mikono ya Hélène ilikaa hewani kitambo, mwisho ikarudi yenyewe na kumfunika uso.

"Kaa kule, bèle," Angèle alimwambia wifi yake polepole. "Mukeka ni mrefu."

Hélène alikwenda kwa magoti hadi ncha ya pili ya mkeka. Walilia hivyo mpaka jioni, kila mmoja kwenye ncha yake, na katikati yao nafasi ambayo ingemtosha mzee na suti yake.